Matawi Niliyoyaosha

Habari ya kifo cha Profesa Deo ilinikuta sokoni Kadutu, hapa Bukavu, nimeinama juu ya beseni la sambaza, dagaa wa ziwa letu, na kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa uso wake bali harufu ya javeli, ile dawa ya maji ya kung'arishia nguo nyeupe. Muuza samaki akaniuliza, "Maman, unachukua ao unaangalia tu?" Nikachukua, nikarudi nyumbani, nikakaa na viatu miguuni mpaka adhuhuri. Kuna mwaka mmoja wa ujana wangu ambao siusimulii. Mengine yote nimeyasimulia, redioni kwa miaka mingi na mezani kwa wajukuu, lakini huo huwa nauruka. Hata nilipoanza kuandika kumbukumbu hizi niliupangia sentensi tatu: nilimaliza sekondari, nikafanya kazi mwaka mmoja kwa profesa aliyechunguza wanyama, kisha nikaingia redioni. Kila sentensi ni ya kweli. Ukweli wa namna hiyo nilijifunza nyumbani kwake.

Siku ya pili nilikwenda kwenye kilio, Nyalukemba. Nyumba ni ile ile, juu ya mteremko unaoishia ziwani, isipokuwa ukuta umeongezwa na bustani imeliwa na majengo ya jirani. Viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa chini ya turubai, wanaume upande wa barabara, wanawake upande wa jikoni, na mvua ilikuwa ikikusanyika juu ya turubai mpaka kijana mmoja aisukume kwa mpini wa ufagio. Binti mkubwa wa marehemu alinishika mikono miwili akaniambia kuna makatoni ya makaye ya baba yake ambayo chuo kikuu kinayataka. Kaye ndilo neno letu la daftari. "Maman Espérance, mwandiko mwingi mule ndani ni wenu," alisema. "Mutusaidie kuyapanga kwa mwaka." Akanipa ufunguo wa chumba cha nyuma ya uwanja. Kabla sijaufungua mlango nilijua ni chumba kipi.

Sasa ni ghala. Mna mifuko ya simenti, jenereta, yale makatoni ya makaye, na godoro lililosimamishwa ukutani. Lakini kwenye mbao za dirisha misumari ilikuwa bado imo, ile tuliyoning'inizia mablanketi, na darini ndoano ya taa ilikuwa pale pale. Nilikuwa nimesimama nikiitazama ndoano hiyo, kaye ya mwaka ule mkononi, niliposikia sauti nyuma yangu.

"Mamzele wa kaye! Unatafuta nini mule? Komba walishahama."

Sikuhitaji kugeuka; ni mtu mmoja tu aliyeligeuza neno "mademoiselle" kuwa "mamzele". Kwa miaka zaidi ya arobaini nilikuwa nimejiandaa kuisikia sauti hiyo mahali fulani, sokoni, kanisani, kwenye foleni ya hospitali, na kila mara nilikuwa na maneno tayari. Nilipogeuka nikamwona Maman Wabiwa amesimama mlangoni, mwembamba, fimbo mkononi, kitambaa cha kilio kichwani. Nikamwamkia kwa lugha ya kwao, "Bwakya, Maman," kama mtu aliyeonana naye jana.

Wazazi wangu na nyumba yetu ya Kadutu wana sura yao, hapa nawaacha. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nchi bado inaitwa Zaire na sisi Wazairwa, na nilikuwa na diploma, mwandiko mzuri na saa ya mkononi. Profesa Deo alitaka vitu viwili vya mwisho. Alikuwa mtu mrefu, mpole, asiyekunywa pombe, aliyefundisha elimu ya viumbe na kutumia mshahara wake kufuga komba. Nasema komba, lakini si yule mkubwa anayelia kama mtoto mchanga katika mashamba ya watu. Hawa wake walikuwa komba wadogo wa msituni, walioletwa kutoka upande wa Mwenga ndani ya kikapu. Mmoja alikaa kwenye kiganja na nafasi ikabaki. Mkia ulikuwa mrefu kuliko mwili. Masikio yalikuwa membamba kama jani kavu, na aliweza kukunja moja na kuacha jingine wazi. Macho yake makubwa hayakugeuka ndani ya matundu yake, kwa hiyo alipotaka kutazama nyuma aligeuza kichwa chote mpaka kidevu kikakaa juu ya mgongo.

Shida ya kumchunguza komba ni kwamba analala mchana. Profesa alitatua shida hiyo kwa kugeuza siku. Chumba hiki, kilichokuwa cha kufulia, kilizibwa madirisha kwa mablanketi, na mlango ukawekewa pazia zito la pili. Usiku kucha taa nyeupe ziliwaka, na komba wakalala ndani ya sanduku lao wakidhani ni mchana. Saa tatu asubuhi tulizima taa nyeupe na kuwasha moja nyekundu, iliyotoka kwa mpiga picha aliyekuwa akifunga duka, kwa sababu wekundu komba hauoni vizuri. Hapo usiku wao ukaanza. "Mademoiselle, zima jua," Profesa alisema kila asubuhi, naye alicheka kila asubuhi. Nilizima jua, nikakaa kwenye kigoda, nikaandika. Saa, dakika, nani ametoka, amekwenda tawi gani, amekula nini. Nje wanawake walipita na mizigo kutoka ziwani, watoto walikwenda shule, na mimi nilikuwa usiku wa manane na mkono wenye wino.

Komba walikuwa watatu, dume mmoja na majike wawili. Profesa aliwapa namba. Maman Wabiwa aliwapa majina. Dume alikuwa Kapita, yaani msimamizi, kwa sababu alipita mbele ya wote kukagua matawi. Jike mzee aliitwa Mama Mukubwa, na mdogo Bibi-arusi. Maman Wabiwa alikuwa mpishi wa nyumba ile, mwanamke wa Kamituga, labda miaka saba juu yangu, akiishi kwenye chumba kidogo kando ya jikoni. Ndiye aliyewakamatia komba panzi na nondo, ndiye aliyejua tawi la mti gani linatoa utomvu wanaopenda kulamba, na kila Ijumaa alitoa tawi moja kuukuu akaweka moja jipya. Moja tu. Nilimuuliza kwa nini asibadilishe yote kwa mara moja, amalize kazi.

"Nikitoa yote, atapita wapi?"

"Si utaweka mengine?"

"Mamzele, weye ukiamuka kesho ukute Bukavu yote imepakwa chokaa, mlango wenu utaujua?"

Nilicheka. Sikuandika. Kanuni ya Profesa ilikuwa imebandikwa juu ya kigoda changu kwa herufi kubwa: Kisichoandikwa hakikutokea. Na kinachoandikwa ni kile ambacho mwandishi amekiona, siyo maneno ya jikoni.

Lakini jikoni ndiko nilikojifunza kula. Saa sita nilitoka kwenye usiku ule nikakutana na jua halisi, machozi yakinitoka, nikaenda kwa kupapasa ukuta mpaka mlango wa jikoni. Maman Wabiwa alikuwa akisonga bukari, ugali wetu, kwa mikono miwili, miguu imeshikilia sufuria, na sombe, kisamvu chetu, ilikuwa imechemka tangu alfajiri na mawese mpaka ikawa laini kama siagi. Alinikalisha penye kivuli. "Kula, popo," alisema. Tulikula kwenye sahani moja. Kutoka ukumbini, ukuta ukiwa mwembamba, tulimsikia Profesa akizungumza na wenzake wa chuo. Siku moja alisema kwa Kifaransa, tena kwa upole wake wote, "Wabiwa ana macho kuliko wanafunzi wangu. Lakini jicho lisiloandika lina faida gani?" Nilimtazama Maman Wabiwa. Alikuwa anatoa mifupa kwenye samaki mkubwa, hakuinua kichwa. "Ameniita nani?" aliuliza. "Amekusifu," nikasema. "Ah bon," akasema, akanisogezea yule samaki.

Alikuwa na mtoto wa kike, Zawadi, wa miaka mitano, Kamituga. Nilipouliza mara ya kwanza, kwa ule ujinga wangu wa mtu aliyesoma, kwa nini amemwacha mtoto mbali hivyo, alisimamisha mwiko.

"Sijamuacha. Nimemuweka kwa dada yangu. Mutu anaacha kitu cha kutupa."

Mpango wake niliujua wote. Profesa alikuwa amekubali kwamba wakati wa Noeli, Zawadi aje akae naye kwenye kile chumba, na Septemba aanze shule ya msingi ya pale chini. Huko Kamituga, alisema, mtoto akifika miaka minane anapewa karai akaoshe mchanga wa dhahabu, na akishazoea mto hatakaa tena darasani. Kwa hiyo kila kitu kilikuwa kimefungwa kwenye Noeli. Nami nilijitolea kumfundisha herufi mapema, hapo mezani, baada ya kazi. Asubuhi moja nilipita dukani nikanunua ubao mdogo wa kuandikia na chaki, nikachelewa kazini. Maman Wabiwa aliushika ule ubao kama sahani ya kigeni, akaufuta kwa kitenge ingawa haukuwa na vumbi, akautundika juu ya kitanda chake.

Novemba Bibi-arusi alizaa. Nilikuwepo kwenye kigoda; kwanza nilifikiri ameshika nondo mdomoni. Mtoto alikuwa mdogo kuliko kidole changu gumba. Siku chache baadaye nikaona jambo lililonitoa mbio mpaka jikoni: mama alimbeba mtoto kwa meno, akamwacha kwenye panda ya tawi, akaruka akaenda zake kutafuta panzi. Mtoto alishika tawi kwa mikono yote, kimya, bila kutikisika. "Amemtupa!" nikasema. Maman Wabiwa alicheka mpaka akakaa chini.

"Amemuweka, mamzele. Akishiba atarudi. Anajua barabara."

"Barabara gani gizani?"

"Huonake vile anafanya? Anakojolea mukono, anapakaa na muguu. Kila asubui. Pale anakanyaga, njo barabara yake. Anaandika na miguu, kama weye na biki."

Nililijua tendo hilo, ningewezaje kutolijua. Nilikuwa nimeliandika mamia ya mara. Kila komba alipoamka alijinyoosha, akajikuna kwa ule ukucha mmoja mrefu wa mguu wa nyuma, kisha akakojoa kwenye kiganja na kukisugua kwenye wayo, kulia, halafu kushoto, kama mtu anayejipaka mafuta kabla ya kutoka. Profesa alidhani ni kwa ajili ya kushika gome vizuri. Mimi, niseme kweli, niliona ni uchafu. Na kweli, baada ya nusu saa mama alirudi kwenye panda ile ile, moja kwa moja, akamchukua mtoto wake. Niliandika: mama amerudi. Nani aliyeniambia kwamba atarudi, sikuandika.

Profesa alipata furaha ambayo sikuwahi kuiona kwake. Mtoto wa komba aliyezaliwa chini ya jua lililogeuzwa, alisema, hakuna mtu wa hapa aliyewahi kumwona. Akawaalika wenzake wawili wa chuo waje Jumatatu, kisha Ijumaa jioni akashuka Luvungi kwenye mashamba ya mpunga ya ndugu zake, arudi Jumapili. Aliniachia ufunguo. "Chumba kiwe sawasawa, mademoiselle," alisema. Alijua namna nilivyopenda vitu kuwa sawasawa. Ndiyo sababu alinichukua.

Jumamosi nilifika saa moja. Maman Wabiwa alikuwa ametelemka ziwani kungoja mitumbwi ya sambaza. Komba walikuwa wamelala ndani ya sanduku, taa nyeupe zinawaka, na katika mwanga huo niliona chumba kwa macho ya wageni. Matawi yalikuwa meusi, yamepakaa, yana nta nta ya mikojo, na harufu iliingia mpaka kooni. Yalikuwa yamepangwa ovyo, manene na membamba pamoja. Nikavua saa yangu, nikakunja mikono. Nilitoa matawi yote nje, kumi na tisa, nikayasugua kwa brashi na sabuni, nikayamiminia javeli, nikayasuuza, nikayaanika juani juu ya nyasi. Nilisugua pia wavu wa waya wa ukutani, na kizingiti cha sanduku lao. Nilikuwa naimba. Saa tatu kasoro robo niliyarudisha, safari hii kwa mpangilio: manene chini, membamba juu, nafasi sawa. Chumba kilinukia kama hospitali. Nikavaa saa. Nikazima jua.

Kapita alitoka kwanza, akaweka mkono mmoja kwenye tawi la karibu, akaurudisha. Hakukagua kitu. Alirudi kwenye mlango wa sanduku akajisugua mikojo, akatoka, akarudi tena akajisugua. Bibi-arusi alitoka na mtoto mdomoni. Alitembea, yeye ambaye siku zote aliruka. Alinusa, akasimama, akanusa. Mwishowe akamweka mtoto kwenye panda moja ya juu, akashuka kutafuta chakula. Alipotaka kurudi hakujua apande wapi. Mtoto alianza kutoa mlio mdogo, kama kucha zinazogonga kikombe, na mama alijibu, akapita chini yake, akapita upande wake, akaenda mpaka mahali ambapo ile panda ya zamani ilikuwapo kabla sijaipanga upya, akakaa pale akaita. Niliandika saa na dakika. Niliandika kila kitu isipokuwa sababu.

Saa sita na dakika kumi Maman Wabiwa alipitisha kichwa kwenye pazia kuniita chakulani, akasimama. Alivuta pumzi mara moja.

"Harufu gani hii? Mamzele! Umefanya nini?"

"Usafi. Wageni wanakuja."

"Yote?" Aliingia, mlango nyuma yake ukabaki wazi, mwanga ukapenya chini ya pazia. "Umeosha yote? Mungu wangu. Ile moja ya jana iko wapi, ile nilitoa? Niko nayo kule inje, bado inanuka. Nitaileta. Usimuguse mutoto!"

Alikimbia. Na mimi, niliyekuwa nimeambiwa nisimguse, niliona mtoto akiteleza kwenye gome lililosuguliwa, nikapanda kigoda, nikamchukua kwa mikono yangu ya javeli nikamtia ndani ya sanduku. Maman Wabiwa aliporudi na tawi lake jeusi kifuani ilikuwa imeshakwisha. Bibi-arusi aliingia sandukuni, akamnusa mtoto, akatoka. Aliingia tena, akatoka. Tulikaa pale sisi wawili mpaka jioni, tawi la zamani limefungwa mlangoni mwa sanduku, bila kula. Jumapili asubuhi mtoto alikuwa sakafuni, amekufa, mikono yake imefumba kama inayoshika kitu. Sijui kama ilikuwa javeli peke yake, au mpangilio wangu, au mkono wangu. Najua ni mimi katika yote matatu.

Profesa alirudi Jumapili jioni na kilo za mchele begani. Hakupiga kelele. Aliomba kaye, akakaa jikoni, akasoma chini ya taa, kidole kikifuata mistari. Bado naweza kuisema kwa moyo. "Saa moja hadi saa tatu: usafi. Saa tatu: taa nyeupe zazimwa. Saa tatu na dakika ishirini: Namba Tatu atoka na mtoto." Na chini zaidi: "Saa sita na dakika kumi: Maman Wabiwa aingia, asema kwa sauti kubwa, mlango wabaki wazi." Nilikuwa nimeandika hivyo wakati ule ule, kama nilivyofundishwa. Hakuna neno hata moja la uongo katika ukurasa ule.

"Wabiwa," alisema, "uliingia na mwanga?"

"Niliingia, Papa Prof."

"Ukapiga kelele?"

"Nilipiga."

"Miezi yote nimewaambia nini juu ya mlango?"

Maman Wabiwa alinitazama mimi kwanza, si yeye. Nilikuwa nimesimama kando ya jiko, mikono nyuma ya mgongo. Bado ilinuka, nilijua bado inanuka. Nilihesabu haraka, kama watu wenye akili wanavyohesabu: wageni kesho, barua ambayo Profesa aliniahidi ya kunipeleka redioni, nitasema Jumanne, wageni wakishaondoka. Maman Wabiwa alinipa muda wote huo. Kisha akamgeukia.

"Papa Prof, uulize matawi."

"Niulize nini?"

"Matawi. Uyanuse."

Profesa alikuwa na homa ya mafua kutoka Luvungi, pua imeziba, na alikuwa na huzuni. Alifunga kaye. Alisema mtu asiyeweza kulinda mlango hawezi kukaa kwenye nyumba ya kazi, na kwamba atampa nauli na mshahara wa mwezi mzima. Alisema kwa upole. Sikuwahi kumsikia akisema kitu chochote bila upole.

Maman Wabiwa aliondoka Jumatatu alfajiri, kabla ya wageni, na lori la kwenda Mwenga, njia ya Kamituga. Mkeka, karai, sufuria mbili. Nilimkuta kwenye lango nikiingia. Nikamwambia, "Maman, nitazungumza naye." Akasema, "Zungumuza." Hakuuchukua ubao. Sombe ya Jumapili ilikuwa imebaki jikoni, na saa sita, njaa iliponishika, niliila, nimesimama.

Jumanne sikusema. Ijumaa hapakuwa na mtu wa kubadilisha tawi. Noeli ilipita. Ubao niliutoa chumbani kwake nikautumia kuandikia uzito wa komba kabla ya kuunakili kwenye kaye, na ulifaa sana kwa kazi hiyo. Profesa aliandika katika taarifa yake kwamba jike aliyetishwa na mwanga humkataa mtoto. Aliyeipiga chapa taarifa hiyo ni mimi. Kabla ya Pasaka Mama Mukubwa alikufa, na mtu mmoja wa Mwenga akawachukua wawili waliobaki, akisema atawarudisha msituni. Sikufuatilia. Barua yangu ya redioni niliipata. Ilinisifu kwa uaminifu wa mwandiko.

Sasa Maman Wabiwa alikuwa hapa, amekaa juu ya mfuko wa simenti, fimbo kati ya magoti, nami juu ya mwingine. Alisema alisikia kifo kwa jirani mwenye simu, akaona aje. "Alinitendea vizuri siku zote ispokuwa moja," alisema. Nje walikuwa wameanza wimbo wa kanisa.

"Maman," nikasema, "ni mimi niliosha matawi."

Alinitazama kana kwamba nimemwambia kuna mvua.

"Kwani mi sikujua? Javeli ilinuka mpaka kwenye bukari."

"Mbona hukusema waziwazi?"

"Nilisema. Niliambia yeye aulize matawi. Ningesema 'ni mamzele', ungekataa, na weye njo ulikuwa na biki." Akanyoosha mkono akagusa kaye iliyokuwa magotini pangu. "Iko mule, ile siku?"

Nilifungua. Ukurasa ulikuwa umegeuka manjano lakini wino umeshika. Nilimsomea wote, pamoja na ule mstari wake. Alisikiliza huku akitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikiliza ramani ya mahali anapopajua. Kisha nikatoa kalamu mkobani, na chini ya mstari wa mwisho nikaandika, nikaweka tarehe ya leo ili mtu asidanganyike, kwamba asubuhi ile mimi mwenyewe nilitoa matawi yote kumi na tisa, nikayaosha kwa javeli, nikayarudisha kwa mpangilio mwingine. Kwamba Maman Wabiwa alikuwa amenieleza kwa nini hayaondolewi yote. Kwamba nilimgusa mtoto alipokuwa amenikataza. Kwamba mlango haukuwa sababu. Nikatia jina langu.

"Soma."

Nikasoma.

"Imeingia?"

"Imeingia."

"Basi sasa ilitokea," alisema. Hakucheka, na sikujua kama alikuwa bado anaikumbuka karatasi ile juu ya kigoda.

Mwanamke mmoja alikuja mlangoni na sahani iliyofunikwa, mtu mzima, mvi zimeanza pembeni mwa kichwa. Vidole vyake vilikuwa vimepasuka na kukauka kama vya watu waliokaa mtoni miaka mingi. "Mama, chakula kinapoa, banakutafuta," alisema. "Huyu njo ule mamzele," Maman Wabiwa akamjibu, na yule akanitazama kwa muda, bila chuki, kama mtu anayelinganisha uso na habari aliyoisikia tangu utotoni. Nikasimama. Nikasema, "Zawadi." Mama yake akamwambia nimeandika jambo ndani ya kaye, la siku ile ya komba, na sasa limo.

Zawadi alishika kaye. Aliupitisha mkono juu ya ukurasa, juu ya mwandiko wa zamani na ule ambao ulikuwa bado haujakauka vizuri, kisha akanirudishia.

"Na mimi," akauliza, "niko wapi mule?"

Nilipekua. Nilianza Septemba nikaja mbele, polepole, ingawa nilijua, kwa sababu alikuwa amesimama pale akisubiri. Nilikuta idadi ya panzi, uzito wa Kapita, siku umeme ulipokatika, dakika ambayo Bibi-arusi alizaa. Nilikuta hata asubuhi ile niliyonunua ubao. Nilikuwa nimeandika: mwandishi amechelewa dakika ishirini. Sikuwa nimeandika alikwenda kununua nini.